Sikukuu ya Tatu pale Wawi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akapoteza muda kusubiri mahali nitakaposhangaa. Nilianza maisha kwa kuokota misumari iliyopinda kwenye nyumba zilizobomolewa, nikiinyoosha juu ya jiwe kwa nyundo ya kuazima na kuiuza kwa uzito. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Wawi, Pemba, na nyuma ya duka nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane, kila chumba na choo chake. Shule niliishia darasa la nne. Wenzangu waliofika la kumi na mbili huja kuniuliza nyumba ya vyumba vitatu inakula mifuko mingapi ya saruji, nami huwajibu kabla hawajatoa simu zao mfukoni.

Katika mambo niliyojifunza bila ya mwalimu ni sikukuu za mataifa. Ukiwa na nyumba ya wageni, dunia inakuja kulala kwako, na kila anayelala ana siku yake. Niliweka kalenda kubwa ukutani nyuma ya meza ya mapokezi, na kila nikipata mgeni wa nchi mpya namuuliza siku yao, naizungushia kalamu nyekundu. Siku ikifika namwekea pilau na kuku mzima, namwambia hongera, na kwenye bili yake naandika "sikukuu". Hakuna aliyewahi kukataa kulipa. Mtu aliye mbali na kwao, ukimkumbusha kwao, habishani na wewe kwa bei.

Nimeona mengi. Mfaransa mmoja aliimba peke yake barazani, amesimama wima kama mlingoti, akamaliza, akakaa, akala. Mmarekani alichoma nyama uani mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. Mwingereza nilipomuuliza siku yake ya uhuru alicheka, akaniambia hawana. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo, nikaona kuwa siku zake zote zimo kwenye kalenda za watu wengine.

Za kwetu nazijua tangu utoto. Nilikuwamo katika halaiki ya Mapinduzi, watoto mia kadhaa tumepangwa uwanjani tufanye maandishi yasomeke kutoka jukwaani. Mimi nilikuwa sehemu ya herufi E, kwenye mkia wa chini. Tulifanya mazoezi miezi miwili chini ya jua, siku yenyewe tukapewa mkate na soda, na mpaka leo sijui neno lilikuwa linasema nini. Kwa hiyo kila nikisikia sikukuu ya taifa, mimi huwaza gwaride, hotuba na miguu kuuma. Nilidhani ndivyo ilivyo duniani kote, mpaka wakaja Waturuki.

Walikuwa saba. Kazi yao ilikuwa kuchimba visima vijijini, na walichukua vyumba saba, cha nane wakatia mabomba na vifaa vyao. Nyumba nzima, kwa miezi minne, na mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi wa nne. Visima vilikuwa vimebaki vya mwaka mzima. Lakini nilikuwa nimepata habari kuwa kuna nyumba mpya ya wageni imefunguliwa Chake, yenye viyoyozi, na mwenyewe alishawaita Waturuki wangu mara mbili kunywa chai. Mimi vyumba vitatu vya mwisho nilivijenga kwa kuwatazamia wao. Wakihama, nitabaki na vitanda vinane na kalenda.

Mkubwa wao alikuwa injinia wa makamo ya thelathini na kitu, mpole, Kiswahili chake cha kukatakata alikipata Dar es Salaam. Aliniita "abi". Nikadhani ananiita baba, nikawa namkatia vipande vikubwa vya nyama. Baadaye nikaja kujua kuwa kwao maana yake ni kaka. Sikumpunguzia nyama, lakini niliiangalia kwa jicho jingine.

Siku moja nikamwita mbele ya kalenda, nikamuuliza siku yao.

"Ishirini na tatu, mwezi wa nne," akasema. "Bayram."

"Bayram ndiyo nini?"

"Idi, bayram. Siku ya taifa, bayram. Neno moja tu."

"Sawa. Sikukuu. Gwaride linapita wapi?"

Akatikisa kichwa. Akanieleza, kwa maneno na kwa mikono, kuwa ile ni siku lilipokaa bunge lao la kwanza, na mwanzilishi wa dola yao aliwapa watoto siku hiyo iwe yao. Watoto wanabeba bendera, wanasoma mashairi, wanacheza. Na mtoto mmoja anakalishwa kwenye kiti cha waziri. "Mtoto anasema," akaniambia, "mkubwa anasikiliza."

"Anasikiliza kweli au mchezo?"

Akafikiri. "Mchezo. Lakini mbele ya watu, lazima asikilize."

Nikaona hapo hapo mkataba wa mwaka mzima. Yule wa Chake ana viyoyozi, mimi nitawapa Uturuki yenyewe. Nikamwambia, "Jumamosi utaiona sikukuu yenu hapa Wawi, na watoto, na bendera, na kiti. Kiti changu mwenyewe."

Macho yake yalilowa kidogo. "Watoto thelathini wanatosha, abi," akasema.

Thelathini ni hesabu ya mtu anayeuza chumvi kwa kijiko. Mimi nina gari ya kupeleka saruji, na juu ya gari nina spika ya kutangazia bei, na sauti yangu watu wanaijua. Alhamisi nilikuwa na mzigo wa Pujini. Nikaenda na kurudi nikitangaza: "Jumamosi sikukuu. Sikukuu ya Waturuki, nyumba ya wageni, Wawi. Watoto wote mnakaribishwa. Barafu bure." Nikaagiza barafu za maji ya matunda mia mbili, zile za kufunga kwenye mfuko wa plastiki, na fundi cherehani wa jirani nikampa kitambaa chekundu na cheupe akate bendera za mwezi na nyota. Alizikata nyingi na haraka. Nyota nyingine zilikuwa na pembe nne, nyingine saba, na miezi mingine ilitazama ilikotoka, lakini kwa mbali zilikuwa bendera.

Jioni ile, baada ya sala ya alasiri, mwalimu wa chuo akaja dukani. Huyu ndiye anayewasomesha watoto wetu Kurani, na hasemi neno bila ya kulipima.

"Yakhe, nimesikia spika yako."

"Inasikika mbali, mwalimu. Niliinunua Mombasa."

"Umetangaza sikukuu?"

"Nimetangaza."

"Sikukuu tunazo mbili. Idi Ndogo imepita, Idi Kubwa bado. Hii ya tatu nani kaileta?"

"Hii ya taifa, mwalimu. Kama Mapinduzi. Kama Muungano."

"Hizo siku za mapumziko," akasema. "Ushamsikia ntoto wa Wawi anasema kesho sikukuu, na kesho ni Muungano?"

Sikuwahi kumsikia. Lakini mtu wa biashara hakubali haraka.

"Na watu wananiuliza mwezi umeandama wapi," akaendelea. "Nikawaambia sijui, kamuulizeni mwenye spika. Wakanijibu wameshauona. Umo kwa fundi cherehani."

"Ile bendera, mwalimu."

"Nimewaambia. Wengine wamekubali. Wengine wanasema maadamu umeonekana Uturuki unatosha, wao wanafata mwezi wa nje."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Hapa kwetu nyumba mbili za ukuta mmoja zinaweza kuwa moja imefunga na nyingine inakula maandazi, kila moja na mwezi wake, na mwalimu ndiye anayeletewa ugomvi. Alinunua komeo moja, akaniambia, "Mimi sina neno na bendera. Ila hilo jina ulilolitaja, watoto wanalijua kuliko wewe." Akaenda zake. Nilimpunguzia bei ya komeo kwa heshima.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi mke wangu alifungua dirisha la mbele, akalifunga, akaniambia, "Njoo uone Uturuki."

Barabara ilikuwa imejaa watoto kutoka langoni kwangu mpaka kwenye mnara wa simu. Wavulana wamevaa kanzu na kofia zilizopigwa pasi. Wasichana wana magauni ya mashada, hina mikononi, wanja machoni. Walikuwa wametoka Wawi, wametoka Pujini, na wengine nilipowauliza walisema wamekuja na shangazi kutoka Shumba, na Shumba ni huko kaskazini kabisa, spika yangu haijawahi kufika. Kando ya barabara wauzaji walikwishapanga meza: ubuyu, mikate ya mabofulo, karanga za sukari, vibofu vya kupulizwa, miwani ya plastiki. Kiwanja cha sikukuu kamili, mbele ya duka langu, kimenizibia mlango wa kutolea mabati.

Lakini kilichonitia wasiwasi ni kitu kidogo. Kila msichana alikuwa na pochi begani, na kila mvulana mfuko wa kanzu yake ulikuwa umekaa wazi. Mtoto anayekuja kula barafu haji na pochi.

Kwanza mambo yalikwenda vizuri. Waturuki walitoka wote saba wamevaa mashati meupe. Watoto wakapewa bendera, wakaizunguka nyumba mara tatu wakiimba kasida waliyoijua, maana nyimbo za Uturuki hatukuwa nazo. Injinia alipiga picha huku akifuta macho. Msichana mmoja alisoma shairi la kuhimiza kupanda mikarafuu. Barafu mia mbili ziliisha kabla ya saa tatu, na nusu ya watoto hawajalamba kitu.

Kisha injinia akasema, "Kiti, abi."

Nikaleta kiti changu cha kuzunguka, nikakiweka nyuma ya meza ya mapokezi, mlango wazi ili watu wote waone. Nikamchagua msichana wa mbele kabisa, wa miaka tisa hivi, mjukuu wa bibi muuza ubuyu. Nilimchagua kwa sababu alikuwa amenyamaza. Hilo ndilo kosa langu la pili, baada ya lile la spika. Alipanda, miguu ikaning'inia, akaweka pochi yake mezani.

"Wewe ndiye bosi," injinia akamwambia.

"Bosi wa nini?"

"Wa hapa pote," nikajibu mimi, kwa ukarimu.

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Basi wewe simama kule mlangoni."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikaenda kusimama mlangoni. Hapo ndipo mvulana wa kwanza alipokuja, akanishika mkono, akaubusu, akaubakisha mkononi mwake.

"Sikukuu yangu," akasema.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu sisi sikukuu ni siku, na pia ni ile sarafu anayopewa mtoto siku hiyo. Mtoto akikubusu mkono na kusema "sikukuu yangu", hakuombi, anadai haki yake, na mkubwa anayemrudisha mikono mitupu ataelezwa kwenye harusi na misiba mpaka aingie kaburini. Mimi mwenyewe nilinunua nyundo yangu ya kwanza kwa fedha za sikukuu. Neno hili nalijua tangu sijajua jina la baba yangu, na bado nilipanda nalo kwenye spika nikalipeleka mpaka Pujini na kulirudisha.

"Wanangu," nikasema, "hii si ile sikukuu."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. "Umeitangaza kwa mdomo wako," akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu walio karibu walisikia na wale wa mbali wakasimuliwa.

Nikatoa shilingi mia moja, nikampa yule mvulana. Akaigeuza huku na huku.

"Babu, hii barafu moja tu. Na barafu zimekwisha."

Bosi akainama juu ya meza. "Kwani sikukuu iliyopita mlipewa ngapi?" akawauliza wenzake.

"Mia tano," wakajibu, kwa sauti moja, wa Wawi, wa Pujini na wa Shumba, kama waliofanya mazoezi ya halaiki.

"Mpe mia tano," bosi akaniambia. "Wote mia tano."

Nikamsogelea injinia. "Huu mchezo," nikamnong'oneza.

"Mchezo, abi," akasema, anatabasamu kwa furaha ya kweli. "Lakini mbele ya watu."

Basi nikaanza. Dukani nilikuwa na sarafu za elfu arobaini na mia tano, na mstari haukuonyesha hata dalili ya kupungua. Noti nilikuwa nazo, lakini huwezi kumkatia mtoto noti. Nikatoka nje kutafuta chenji, na chenji yote ya Wawi asubuhi ile ilikuwa mahali pamoja, kwenye bakuli la bibi muuza ubuyu. Watoto walitoka na mia tano yangu, hatua kumi, wakaiacha pale.

"Bibi, nichenjie elfu kumi."

"Nakupa tisa, baba."

"Bibi, elfu kumi ni elfu kumi."

"Siku za kawaida, ndiyo. Leo sikukuu, chenji ina tabu."

"Hizi sarafu ni zangu mwenyewe, nimezitoa sasa hivi."

"Na zitarudi kwako, mwanangu. Mie nazipitisha tu."

Mimi, niliyewahi kumpunja Mhindi wa mabati mpaka akaniita profesa, nilisimama mbele ya meza ya ubuyu nikanunua fedha zangu kwa hasara. Nilikwenda pale mara kumi na saba. Kila nikirudi mlangoni, mikono ya watoto ilikuwa imeiva ubuyu, na mkono wangu wa kulia ukawa mwekundu mpaka kwenye kifundo, mtu angedhani nimechinja.

Katika safari moja ya chenji ndipo lilipotokea la kutokea. Bosi alichoka kuningoja. Akawageukia Waturuki waliokaa kwenye benchi.

"Na nyie," akawauliza, "mna shida gani?"

Nilikuwa nikiingia, nikasikia, nikasema, "Hawana shida, hawa wageni wangu wa—"

"Sikukuuliza wewe."

Waturuki wakatazamana. Miezi minne nilikuwa nikimuuliza injinia kila asubuhi hali ya nyumba, naye hunijibu "nzuri". Sasa alimwangalia yule mtoto kitini, akaweka mkono kifuani kama aliye mbele ya waziri kweli.

"Maji," akasema. "Bombani maji hakuna. Tunaoga kopo."

Mmoja barazani akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Watu wanaochimba maji Pemba nzima, kwangu wanaoga kopo. Sikuwahi kuliona jambo hilo kwa namna hiyo.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilisema mara mbili, abi. Ulijibu Pemba yote maji shida."

Bosi akazungusha kiti, akaangalia nje kupitia dirisha. "Na lile tangi jeusi pale dukani?"

"Lile la kuuza."

"Leo si la kuuza. Walitie maji." Akawageukia tena. "Jingine?"

"Mto," akasema mchimbaji mmoja, mzee kidogo, ambaye sikujua kuwa anasema Kiswahili. "Mto kama saruji."

Mito ile niliijaza mwenyewe, sufi ya zamani, nikaishindilia ili idumu.

"Mito mipya," bosi akasema. "Jingine?"

"Basi," injinia akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia mimi: "Yule wa Chake, bombani maji yapo. Viyoyozi hatutaki, tunapata mafua."

Nilisimama pale na sarafu za elfu tisa mkononi. Miezi miwili nilikuwa nikipigana na viyoyozi vya mtu, kumbe vita vilikuwa vya ndoo ya maji. Nikamwangalia msichana yule. Alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia," nikasema. Na nilisema kwa sauti ya kusikika, mpaka nje, maana nikitoa ahadi siitoi ya chumbani.

Mstari ulikwisha karibu na adhuhuri. Watoto mia tatu themanini na saba, kwa hesabu ya sarafu, na wa mwisho alikuwa bosi mwenyewe, aliyeshuka kitini, akanibusu mkono mwekundu, akachukua mia tano yake, akaenda kumsaidia bibi yake kufunga meza. Mwalimu wa chuo alipita akielekea msikitini. Akaangalia bendera zilizotapakaa, akaangalia mkono wangu.

"Idi njema," akasema, akapita.

Jumatatu nilileta fundi. Tangi la lita elfu moja likapandishwa juu ya paa, pampu nikainunua Chake, dukani kwa jamaa ambaye sitamtaja kwa sababu alinicheka. Mito minane ikaja ya sponji. Jumanne asubuhi nikasikia maji yanamwagika katika vyumba saba kwa pamoja na Waturuki wanaimba, kila mtu wimbo wake. Jumatano injinia akaja kwenye meza ya mapokezi na karatasi, akasaini mwaka mzima, vyumba vyote vinane. Alipomaliza kusaini hakunipa mkono kama siku zote. Aliuchukua mkono wangu, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama wanavyowafanyia wakubwa wao kwao siku ya bayram. Kisha akabaki ameinama pale pale, ananiangalia kwa chini, anangoja.

Nikatia mkono mfukoni nikampa mia tano.

Wapo Wawi wanaosema kuwa siku ile niliendeshwa na mtoto wa miaka tisa. Hao hawajui biashara. Mtu asiye na akili angemkatalia, na leo angekuwa anasikiliza maji yakimwagika Chake. Mimi nilijua nimkalishe nani kitini, na sikukuu ya taifa la watu niliifanya hapa bila ya gwaride, bila ya hotuba, na bila ya mtoto kuumwa miguu. Sarafu, chenji, barafu, bendera, tangi kwa bei ya kuuzia, pampu, mito, fundi, na ile ya injinia: shilingi laki saba, sabini na sita elfu na mia tano.